Nondo Hupimwa kwa Mizani

Kuna nyumba inajengwa Nduruma, kila apitaye anasifu nguzo zake: nondo zimesimama wima, ringi zimepangwa, waya umekazwa. Nondo zile zinaitwa mm 12, na hazijafika unene huo. Inaudhi kuona watu wakisifu ufungaji bila kujua kilichofungwa.

Nondo njema ina rangi ya kijivu inayoelekea bluu. Wekundu kidogo wa kutu si neno. Kutu inayobanduka magamba, kataa. Ikikunjwa isipasuke mgongoni. Iliyokwisha kunyooshwa usiiguse.

Lakini asiyejua hukosea hapa: anapima unene juu ya mbavu. Kalipa inasoma 12, analipa. Mbavu kazi yake ni kushikana na zege. Mzigo hubebwa na mwili wa chuma, na mwili huo unajulikana kwenye mizani. Kata mita moja kamili. Ikiwa kweli ni mm 12, ujazo wake ni sentimita za ujazo 113. Kila sentimita ya ujazo ya chuma cha nondo ina gramu 7.85, basi mizani isome gramu 888. Fundi mwenye haraka huzidisha 12 kwa 12, akagawa kwa 162, akapata kilo 0.89. Ikisoma gramu 746, umeuziwa mm 11. Milimita hiyo moja jicho haliioni, lakini karibu sehemu moja ya sita ya chuma haipo.

Wajanja hula hapo. Wananunua kwa tani, wanauza kwa kipande. Tani ya mm 12 halisi hutoa vipande 94 hivi vya mita 12. Ya mm 11 hutoa kama 112. Nimemsikia muuzaji mmoja mjini Arusha akijisifu kwamba tani zake zina vipande vingi, na wateja wakaitikia kwa furaha.

Mzee aliyenifundisha kazi hakufunga nondo kabla kipande cha mita hakijaning'inia kwenye mizani yake. Mwenye nyumba akinung'unika kwamba nondo inaharibiwa, alimwambia kitaingia kwenye linta. Mafundi wa namna ile wamekwisha. Wa leo hukuta mzigo umeshashushwa, akaanza kukata.

Kiwango cha Uingereza cha BS 4449 huruhusu uzito wa nondo ya unene huu uwe asilimia 4.5 juu au chini. Kwa hiyo pima kabla gari halijashusha: mita ya mm 12 ikiwa chini ya gramu 848, mzigo urudi ulikotoka.