Hadithi Mbili za Ndege

Msomaji, ukiteremka kutoka mashamba ya kahawa ya Embu kwenda nchi kavu ya Mbeere, na mbele yake Tharaka, utaona mizinga ya magogo imetundikwa mitini. Katika nchi hiyo ya asali husimuliwa habari za mlembe, ndege amwitaye mtu kwa kelele, kisha akaruka mti hata mti mpaka penye nyuki. Husemwa kwamba mtu akila asali asimwachie ndege sehemu yake, siku nyingine ataongozwa kwa simba au nyoka. Tangu Embu hata Meru husimuliwa pia habari ya pili: bundi akilia juu ya paa, mtu wa nyumba hiyo atakufa.

Wako wazisifuo hadithi hizi mbili kwa sifa moja, kuwa ni urithi. Wako wazitupao kwa lawama moja, kuwa ni ushirikina. Naona wote wanakosea. Kila hadithi yafaa ipimwe peke yake, na kipimo changu ni swali moja: je, mtungaji alimtazama ndege wake?

Mtungaji wa mlembe alimtazama. Ndege huyo hula nta na mabuu ya nyuki, lakini ni vigumu afungue pango lao peke yake; mtu ana shoka na moto, lakini hajui pango liliko. Mwaka 1989 Isack na Reyer walichapisha utafiti wao kati ya Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Katika nchi ngeni, mtafuta asali asiye na ndege alitumia wastani wa saa 8.9 kupata nyuki. Aliyeongozwa, saa 3.2. Basi deni litajwalo na hadithi ni deni la kweli. Simba na nyoka ni chumvi iliyotiwa ili mtu alipe, wala ndege hakudhulumiwa.

Mtungaji wa bundi hakutazama, alijifunika blanketi. Angalitazama, angaliona mabawa yenye manyoya laini yarukayo bila sauti, na chini ya mti vidonge alivyotapika bundi, vimejaa mifupa ya panya. Angaliuliza pia ni nyumba gani imsikiayo bundi usiku wa manane. Ni nyumba yenye mgonjwa, maana huko watu wako macho. Jirani aliyelala hasikii kitu, ingawa bundi ni yule yule.

Nasema haya kwa aibu. Nilipokuwa mtoto, bundi alikaa karibu na ghala la nyanya yangu, naye nyanya alikuwa mgonjwa. Tulimpiga ndege mawe hata akafa, tukidhani tumemwokoa nyanya. Mwezi uliofuata nyanya alifariki, na panya wakala mahindi ghalani bila hofu. Watu wakasema tulichelewa kumwua. Hivyo ndivyo ijiteteavyo hadithi isiyotazama: bundi akiishi ina haki, na akiuawa ina haki vile vile.

Kwa hiyo, msomaji, usiku ukimsikia bundi, usitafute jiwe. Asubuhi nenda chini ya mti wake, vunja kidonge kimoja kwa kijiti, uhesabu mafuvu ya panya. Kisha rudi nyumbani ukawasimulie wadogo zako ulichokiona.