Mwanga wa Adhana

Kamera yangu ni Zenit-E ya Kirusi, nzito kama tofali. Juu ya lenzi ina jicho la kioo lenye vipele kama sega la nyuki. Nyuma ya kioo hicho kuna seleniamu, ambayo ikiguswa na mwanga huzaa umeme mdogo, lakini wa kutosha kusukuma sindano ya kipima mwanga. Haihitaji betri. Mwanga wenyewe ndio unaofanya kazi ya kujipima. Lakini seleniamu huzeeka, na ya kwangu ilikwisha kufa kabla kamera haijanifikia mikononi. Sindano imelala, hata uielekeze kwenye jua la Kampala.

Kwa hiyo napima kwa simu. Nimeweka humo programu ya bure. Naiambia filamu yangu ni ISO 400, nachagua tundu la lenzi, naigusa sura ya kitu kwenye kioo cha simu, nayo inanipa kasi ya shata. Kinachofanyika humo ndani ni hesabu tupu: kamera ya simu inajua imekusanya mwanga kiasi gani ili picha ionekane, na programu huchukua kiasi hicho ikakipima upya kwa filamu yangu. Wapo wenzangu wanaoona haya kuitoa simu mbele ya mteja, kwamba mpiga picha wa filamu hapaswi kuegemea simu. Mimi sioni haya. Mwaka 1932 kampuni ya Weston ilipotoa kipima mwanga chake cha kwanza cha seleniamu, nacho kilikuwa chombo kigeni mfukoni mwa fundi. Na filamu Kampala ni adimu. Zangu huja ndani ya mizigo ya ndugu wanaorudi safari. Ukiwa na picha 36 tu, kila moja ina haki ya kupimiwa.

Ila kipimo kina upofu wake, na ufundi wote umelala hapo.

Kila kipima mwanga kinachotazama kitu hudhani kitu hicho ni cha kijivu, kijivu cha wastani kati ya weupe na weusi. Kionyeshe ukuta mweupe, kitakupa namba ya kuufanya kijivu. Kionyeshe mkaa, kitakupa namba ya kuufanya kijivu pia. Sasa nenda nacho kwenye kwanjula, sherehe ya Baganda ya kujitambulisha ukweni. Bwana harusi amesimama chini ya hema na kanzu nyeupe, nakshi nyekundu kifuani, koti juu yake, na uso wake mweusi unang'aa kwa jasho na furaha. Mara ya kwanza niligusa kanzu kwenye kioo. Kwa f/8 programu ikaniambia 1/1000, kasi ambayo Zenit haina kabisa. Nikagusa uso: 1/125. Hatua tatu nzima, stopu tatu kama tunavyosema, kati ya nguo na mtu aliyeivaa! Ukiifuata kanzu, utapata kanzu nzuri iliyovaliwa na kivuli.

Mzee aliyenifunza kazi hii alipiga picha za harusi mtaani Katwe miaka mingi, na hakuwahi kumiliki kipimo chochote. Baada ya sherehe ile nilimpelekea negatifu zangu. Akaziinua dirishani, akanyamaza kidogo.

"Mwanangu," akasema, "hii mashine yako haijui ni nani amesimama mbele yake. Wewe unajua. Mwambie."

Akanikunjulia kiganja chake. Kiganja cha mtu mweusi, akaeleza, ni cheupe kuliko uso wake, na viganja vya watu hukaribiana kuliko nyuso zao. Kipime hicho kikiwa kwenye mwanga uleule unaompiga mtu, kisha ongeza stopu moja. Nikafanya hivyo chini ya hema lingine, mwanga uleule: kiganja kilisema 1/500, nikarudi 1/250. Nikapima uso, 1/125, nikapunguza stopu moja ili weusi wake ubaki weusi na usigeuzwe kijivu: 1/250. Kisha nikajaribu njia ya tatu. Simu yangu ina kihisio kidogo karibu na kamera ya mbele, kile kinachofifisha kioo usiku, na programu inaweza kukitumia kupima mwanga unaoanguka badala ya ule unaorudi. Nikamwomba bwana harusi ruhusa, nikakiweka kando ya shavu lake, kioo kikielekea nitakaposimama. 1/250. Njia hiyo haidanganywi na kanzu, kwa kuwa haiitazami kanzu. Na inakulazimu kumsogelea mtu, kumwomba, kusimama naye sekunde chache ndani ya mwanga wake kabla ya kurudi nyuma na kuinua kamera. Sijui njia bora ya kuanza picha.

Historia ya filamu haikuwahurumia watu wenye rangi yetu. Kwa miongo mingi maabara za rangi duniani zilirekebisha mashine zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu. Rangi zikitoka sawasawa kwake, kazi ilihesabiwa imekwisha. Mafundi wa huku ilibidi wajijengee marekebisho yao vichwani. Mwaka 2019 nilikwenda Makumbusho ya Uganda, barabara ya Kira, kuona maonyesho ya picha za zama za Idi Amin. Zilichaguliwa kutoka hazina ya negatifu kama 70,000 zilizokutwa katika shirika la utangazaji la taifa, kazi ya wapiga picha wa serikali. Mengi yanaweza kusemwa juu ya zilichoonyesha na zilichoficha, na yamesemwa. Mimi nilikaa muda mrefu mbele ya nyuso. Nyuso nyeusi, magwanda meusi, jua kali, na bado macho yanaonekana. Kuna mtu alisimama pale akafanya hesabu kichwani, bila simu, akaipata.

Na jua letu si jepesi kulihesabu. Karatasi za ndani ya maboksi ya filamu zilifundisha kanuni moja: jua kali, f/16, kasi sawa na ISO ya filamu. Inafaa hapa pia, lakini Kampala iko kama theluthi ya digrii moja tu kutoka ikweta, na mwezi wa Machi na Septemba jua hupita utosini kabisa. Tena halifiki utosini saa sita. Tunatumia saa ya Afrika Mashariki yote nasi tuko magharibi yake, kwa hiyo ni karibu saa saba kasoro dakika kumi. Wakati huo paji la uso linawaka na macho yamo mapangoni. Gusa paji kwenye kioo, kisha gusa chini ya nyusi, uone namba zinavyokimbiana. Mzee alikuwa na jibu fupi: msogeze mtu chini ya mwembe, au ngoja.

Kungoja jioni ndiko ninakokupenda. Lakini kwenye ikweta jua huzama wima, halina mteremko. Wiki iliyopita nilisimama Old Kampala, mnara wa Msikiti wa Taifa mbele yangu, daftari mkononi, niihakiki kanuni nyingine ya mzee: "Adhana ya magharibi ikianza, una picha tatu." Nilikuwa nimeichukua kama maneno ya wazee tu.

Muadhini alianza. Kihisio kikasema 1/125, lenzi ikiwa imefunguliwa mwisho, f/2. Nikapiga. Dakika tatu baadaye, 1/60. Nikapiga, bodaboda akipita na taa yake. Dakika tatu nyingine, 1/30, kasi ya chini kabisa ambayo Zenit inayo. Nikashika pumzi, nikapiga.

Simu ikaandika 1/15. Nikaandika saa kwenye daftari, nikafunika lenzi.