Ukumbusho na Funzo: Suala la Mtenda katika Simulizi za Historia za Katanga

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina methali mbili ambazo hutajwa mara kwa mara panapozungumzwa habari za vita na machafuko yaliyopita. Ya kwanza ni "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo". Ya pili ni "Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka". Methali ya kwanza inamtaka msikilizaji ayaweke kando mambo ya jana. Ya pili inaeleza kwamba aliyeumia hawezi kuyaweka kando hata akitaka. Kwa kawaida methali hizi huchukuliwa kuwa zinapingana. Hata hivyo, zikichunguzwa kwa makini, zinakutana katika jambo moja: hakuna hata moja inayozungumzia kujifunza. Ya kwanza inahimiza kusahau na ya pili inaeleza hofu. Tena, mtu wa methali ya pili hashtushwi na nyoka, bali na unyasi usio na hatia.

Makala haya yanachunguza swali la iwapo jamii hujifunza kutokana na historia yake au huyarudia makosa ya zamani. Uchunguzi unafanywa kwa kuzipima simulizi tatu za historia zilizotungwa katika Kiswahili, au kuelezwa kwa Kiswahili, kuhusu Katanga na nchi zilizo magharibi ya Ziwa Tanganyika. Hoja kuu ni kwamba makosa hayarudiwi kwa sababu watu wamesahau, kama inavyodaiwa mara nyingi. Jamii za eneo hili zinakumbuka sana. Tatizo liko katika jinsi mtenda anavyotajwa, au anavyofichwa, katika kumbukumbu hizo.

2.0 Kukumbushwa na Kujifunza

Inafaa kuanza na maneno yenyewe. Nomino "ukumbusho" inatokana na kitenzi "kumbusha", ambacho nacho ni kauli ya kusababisha ya "kumbuka". Kwa hiyo katika ukumbusho kuna kitu au mtu anayesababisha mwingine akumbuke. Kitenzi "jifunza", kwa upande wake, kina kiambishi "-ji-" ambacho hulirejesha tendo kwa mtenda mwenyewe. Anayejifunza ni mwalimu na mwanafunzi kwa wakati mmoja. Kwa mantiki ya lugha hii, historia haimfunzi mtu. Mtu hujifunza mwenyewe kwa kuitumia historia. Ukumbusho unaweza kuletwa na picha ukutani, na jirani au na redio. Kujifunza hakuletwi na mtu wa nje.

Jambo la pili linahusu kauli za vitenzi. Kauli ya kutendwa huweza kumwacha mtenda bila kutajwa, lakini humwachia nafasi yake: "kijiji kilichomwa" ni sentensi inayokubali swali "na nani?". Kauli ya kutendeka haina nafasi hiyo. Msemaji akisema "kijiji kiliharibika", sarufi yenyewe imekwisha kumwondoa mtenda. Ndivyo ilivyo pia kwa usemi uliozoeleka wa "vita vilizuka", ambapo vita vinasimuliwa kama moto wa nyika au mvua ya masika. Si kosa la lugha kuwa na miundo hii, kwani kila muundo una kazi yake. Kinachostahili kuhakikiwa ni uchaguzi wa msimulizi: anamtaja mtenda lini, na anamficha lini?

3.0 Matini Tatu

3.1 Maisha ya Tippu Tip

Tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, ilichapishwa na Heinrich Brode mnamo 1902 na 1903, na baadaye kutolewa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Sehemu kubwa ya matukio yake inahusu nchi zilizopo leo mashariki ya Kongo, pamoja na vita dhidi ya Nsama wa Itabwa mwaka 1867, kusini-magharibi ya Ziwa Tanganyika.

Katika matini hii mtenda hafichwi. Msimulizi anasema kwa nafsi ya kwanza alikopa mali kwa nani, alipigana na nani na alipata pembe kiasi gani. Anasimulia hata jinsi alivyojidai kuwa jamaa wa Kasongo Rushie, mtawala wa Utetera, hadi akakabidhiwa utawala. Kwa kipimo cha sarufi, basi, Maisha ni simulizi ya ukweli: nafsi ya kwanza inabeba vitenzi vyake.

Hata hivyo, matini hii haifiki kwenye funzo. Matendo yanahesabiwa kwa frasila, faida na hasara, wala si kwa haki na dhuluma. Watu waliochukuliwa mateka wanapita katika masimulizi kama sehemu ya shehena. Kutokana na hali hii inabainika kwamba kumtaja mtenda ni sharti la lazima, lakini si sharti linalotosheleza. Mtu anaweza kukiri tendo lake na bado asione kosa ndani yake.

3.2 Vocabulaire ya André Yav

Mwaka 1965 ilisambazwa mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, matini iliyopigwa taipu na kuitwa "Vocabulaire de ville de Elisabethville". Mtungaji wake alikuwa André Yav, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Matini hiyo iliandikwa katika Kiswahili cha Katanga na ilikusudiwa kusomwa na Wakongo wenyewe. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990 akishirikiana na Kalundi Mango, pamoja na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho.

Thamani ya kazi hii haina shaka. Watu ambao hati za serikali ya kikoloni ziliwataja kama majina katika orodha wanageuka kuwa wasimulizi. Wanaojua jinsi bwana alivyoishi ni wale waliompikia na kumfulia. Katika matini hii Mzungu ndiye mtenda mkuu na mtumishi ndiye mtendwa, na kwa sehemu kubwa ndivyo mambo yalivyokuwa. Lakini mpangilio huo una gharama. Msomaji wa Katanga anapata historia ambamo dhuluma ina rangi moja. Anajua vyema kutambua mkono wa bwana. Hapewi nyenzo za kuutambua mkono wa jirani, wala wake mwenyewe.

3.3 Michoro ya Tshibumba

Msanii Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 na aliyejiita mwanahistoria, alichora kati ya 1973 na 1974 mfululizo wa picha takriban 100 kuhusu historia ya Zaire, na kumweleza Fabian kila picha kwa Kiswahili cha Katanga. Mazungumzo hayo na picha zake vilichapishwa mwaka 1996. Picha za aina hii zilinunuliwa na familia za wafanyakazi na kutundikwa sebuleni, na wenye nazo walizieleza kwa neno "ukumbusho". Maarufu zaidi ilikuwa aina iliyoitwa "Colonie Belge", ambamo mfungwa anachapwa viboko mbele ya ofisa wa kikoloni.

Picha ya viboko inaonyesha jambo ambalo matini ya Yav inaligusa kwa mbali. Anayeshika kiboko kwa kawaida ni askari Mwafrika. Ofisa Mzungu husimama kando akitazama. Kwa maneno ya kisarufi, ofisa ni msababishaji: anachapisha. Askari ndiye anayechapa. Katika mfululizo wa Tshibumba wamo pia Wakongo wanaopigana na Wakongo baada ya uhuru wa 1960. Hivyo basi msanii huyu anakwenda hatua moja mbele ya wenzake. Mtenda wa ndani yumo katika picha, amesimama katikati kabisa. Swali ni iwapo mtazamaji aliyeketi sebuleni alijiona katika askari, au katika mfungwa tu.

4.0 Nyoka na Unyasi

Matukio ya Katanga yanatoa jibu lisilofurahisha. Mwishoni mwa 1960, vijiji vya Waluba wa Katanga ya Kaskazini vilikuwa vinashambuliwa na askari wa Moïse Tshombe waliokuwa na maofisa Wazungu. Tarehe 8 Novemba mwaka huo, doria ya askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Ireland ilishambuliwa karibu na Niemba, kwenye njia ya reli iendayo Kalemie, na 9 kati yao wakauawa. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba walidhaniwa kuwa miongoni mwa Wazungu wa Tshombe. Hawakuuawa na watu waliosahau. Waliuawa na watu waliokumbuka vizuri, ila kumbukumbu yao ilikuwa imehifadhi rangi ya mtenda badala ya tendo lake. Huo ndio unyasi wa methali.

Mfano wa pili unahusu neno moja. Mwaka 1961 maelfu ya Waluba wa Kasai walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa mjini Elisabethville kuyaokoa maisha yao, na wengi wakarudishwa Kasai. Miaka 30 baadaye, 1992 na 1993, wenye asili ya Kasai walifukuzwa tena, safari hii kutoka Likasi, Kolwezi na miji mingine ya Katanga, na wengi wakasongamana kwenye vituo vya reli wakisubiri treni. Waliitwa "bilulu", yaani wadudu. Neno hili linastahili kuangaliwa kiisimu. Kiambishi "bi-" ni kile ambacho katika Kiswahili ni "vi-", ngeli ya vitu. Mtu aliyezaliwa katika ngeli ya "ba-", yaani "wa-", anahamishwa katika ngeli ya vitu, na vitenzi vinavyofuata vinakubaliana na uhamisho huo. Mwaka 1994 nchini Rwanda neno "inyenzi", yaani mende, lilitumika kwa namna iyo hiyo. Wadudu hawauawi; wanasafishwa. Kwa kumwondoa mtendwa katika ubinadamu, lugha humwondolea pia mtenda jina la muuaji.

Waliofukuza mwaka 1992 hawakuwa wageni katika historia ya 1961. Baadhi yao walikuwa watu wazima walioiona, na vijana walikuwa wameisikia kwa wazazi wao. Lakini ilivyosimuliwa, 1961 ilikuwa mwaka wa mateso ya Katanga. Ulikuwa pia mwaka ambao Katanga ilitesa, na sehemu hiyo haikuwa na msimulizi.

Mkoa wa Tanganyika, uliozaliwa 2015 baada ya Katanga kugawanywa, haukusalimika. Mapigano kati ya Waluba na Watwa, ambayo yalikwisha kuonekana tangu 2013, yalipamba moto tena mwaka 2016 na 2017. Mamia ya maelfu ya watu walihama makwao, na pembeni mwa mji wa Kalemie kukajaa kambi za wakimbizi wa ndani. Waluba wa kaskazini, ambao mababu zao walichomewa vijiji mwaka 1960, walikuwa safari hii miongoni mwa wachomaji na miongoni mwa wachomewa. Watwa, waliodharauliwa kwa vizazi vingi, walikuwa vilevile pande zote mbili. Katika simulizi za kila upande, hata hivyo, vijiji vya wenzao "viliungua" na vya kwao "vilichomwa".

5.0 Pingamizi

Inaweza kudaiwa kwamba hoja hii inawatwisha wadhulumiwa mzigo usio wao, na kuwapunguzia wakoloni wa kwao. Pingamizi hili ni zito na linahitaji jibu.

Kusini ya Kalemie, katika nchi ya Watabwa, mtawala Lusinga aliuawa Desemba 1884 na watu waliotumwa na Luteni Émile Storms, Mbelgiji aliyekuwa na ngome Mpala. Kichwa chake kilikatwa na fuvu kupelekwa Ubelgiji. Kitendo hicho ni cha kinyama na hakuna sababu ya kukipamba. Lakini ni kweli pia kwamba Lusinga mwenyewe alijijengea nguvu kwa bunduki na kwa kuwauza majirani zake. Kweli ya pili haiifuti ya kwanza. Aliyeuzwa na Lusinga anastahili kukumbukwa kama anavyostahili Lusinga. Jamii inayolidai fuvu bila kuwakumbuka waliouzwa inadai haki kwa nusu, na ile nusu iliyoachwa ndiyo yenye funzo, kwa kuwa ndiyo inayohusu jinsi majirani wanavyotendeana. Wakoloni wameondoka, majirani wapo.

6.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba kati ya kukumbuka na kujifunza kuna hatua mbili ambazo simulizi za Katanga huzifikia kwa nadra zikiwa pamoja. Hatua ya kwanza ni kumtaja mtenda, hata akiwa ni nafsi ya kwanza. Hapa Tippu Tip anawashinda wengi. Ya pili ni kulipima tendo kwa macho ya mtendwa. Hapa ndipo penye nguvu ya Yav. Tshibumba aliziweka zote mbili kwenye turubai moja, lakini picha haiwezi kumlazimisha mtazamaji achague kujiona wapi.

Matini hizi, pamoja na kasoro zake, zinafaa kusomwa madarasani kuliko muhtasari wa tarehe na majina ambao wanafunzi hukariri. Zisomwe kwa swali moja la kisarufi: katika sentensi hii, nani alitenda? Swali hilo hilo linafaa pia kwa mabaraza ya upatanisho yanayowakutanisha Waluba na Watwa mkoani Tanganyika. Baraza ambalo kila upande unaorodhesha yaliyoupata ni ukumbusho wa pande mbili, na ukumbusho wa namna hiyo umekuwapo tangu 1960 bila kuzuia lolote. Baraza litaanza kuwa shule siku msemaji atakaposimama mbele ya wenzake na kuanza kitenzi chake kwa "tuli-".