Mwalimu Asiyeona Mkono

Najua wapo watakaoguna. Kurasa hizi za uhakiki zimezoea riwaya, diwani za mashairi na mara moja moja tamthiliya. Leo naleta programu ya simu ya kufanyia mazoezi ya gita. Nitaihakiki kwa zana zilezile tulizopewa sekondari, fani na maudhui, kwa sababu kitu hiki nacho kimetungwa. Kuna mtu alikaa akaamua mwanzo uwe upi, nini kifuate nini, nani azungumze, na mtumiaji ajisikieje kila anapomaliza somo. Kama huo siyo utunzi, basi sijui utunzi ni nini.

Sababu ya pili ni ya karibu zaidi. Mshikaji wangu mmoja, fundi wa kompyuta aliyejifunza mwenyewe, anabuni programu ya namna hiyo kwa ajili ya vijana wa hapa Dar es Salaam. Kwa kuwa pale kijiweni mimi ndiye mtu wa maneno, ameniomba nimwandikie maneno yote yatakayotokea kwenye kioo. Nisingeweza kuyaandika kabla ya kuzisoma zile za wenzetu. Basi ni miezi mitatu sasa nina gita la kuazima chumbani, na simu nimeiegemeza kwenye ndoo ya maji. Haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza tujue programu hizi zimetoka wapi. Kampuni ya Fender ya Marekani, inayotengeneza magita, ilitoa Fender Play mwaka 2017. Andy Mooney, aliyeiongoza kampuni hiyo kuanzia 2015, alikuwa akisema waziwazi kwamba karibu asilimia 90 ya wanaoanza kujifunza gita hukacha ndani ya mwaka wa kwanza. Hesabu yake ni ya mfanyabiashara: yule asiyekacha atanunua gita la pili, la tatu, na amplifaya juu. Kule Helsinki, Finland, kuna Yousician, ambayo noti zake hutembea kwenye kioo nawe unazifukuzia huku ukipewa pointi. Na yuko Justin Sandercoe, mwalimu kutoka Australia, aliyeanza kuweka masomo yake ya bure kwenye intaneti mwaka 2003, kisha masomo hayo yakapata programu ya simu.

Shida wanayotaka kuitibu wote ni ya kweli. Ukikaa na gita peke yako, vidole vinauma, kodi hazikai (nasema kodi za gita, siyo za mwenye nyumba), na hujui leo umesogea au umerudi nyuma. Mtu wa namna hiyo anahitaji mpango. Na mpango si uvumbuzi wa simu. Mwaka 1812 Mauro Giuliani, Mwitaliano aliyekuwa akifanya kazi Vienna, alichapisha mazoezi 120 ya mkono wa kulia peke yake. Mkono wa kushoto aliupa kodi mbili tu, C na G7, ili usimsumbue mtu. Tazama ujanja huo: amepunguza kila kitu ili kitu kimoja kipate nafasi ya kukua. Mbunifu yeyote wa programu angeanza kwa kumsoma Giuliani kabla hajachagua rangi za vitufe.

Sasa tuingie kwenye fani. Muundo wa programu nyingi hizi ni wa moja kwa moja, ule tulioambiwa shuleni kuwa ni msago. Somo la kwanza, la pili, la tatu, na kufuli mlangoni mpaka umalize lililotangulia. Kwa riwaya ya upelelezi msago unafaa. Kwa mkono wa binadamu una kasoro, maana mkono haukui kwa mstari. Jumatatu kodi ya F inalia safi, Jumatano imepotea kabisa, Ijumaa inarudi. Mpango mzuri ungekuwa na rejea ndani yake: leo unarudi kwenye kile kilichokushinda juzi, dakika nne tu, kisha unaendelea. Programu inayokupitisha mlangoni na kusahau ulichoacha nyuma inajenga ghorofa juu ya matofali mabichi.

Matumizi ya lugha ndiyo yaliyonikera zaidi, labda kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa. Mshikaji wangu aliniletea orodha: anataka namna 40 za kumpongeza mtu. Safi sana! Wewe ni moto! Hakuna kama wewe! Nikamuuliza, huyu mtu amefanya nini? Akasema, amemaliza zoezi. Amelimalizaje? Akanyamaza. Wasomaji wenzangu mnaoandika, mnalijua hili. Umempelekea mtu hadithi yako, anakurudishia na neno moja, "nzuri". Unaondoka huna hata koma moja ya kurekebisha. Sifa isiyotaja kitu ni kelele yenye tabasamu.

Mfano wa sentensi yenye kazi ni huu. Ukishika kodi ya C, kidole cha shahada kinabana uzi wa pili. Kwa wanaoanza, kidole hicho hulala na kuugusa uzi wa kwanza, ukazibwa. Ukizicharaza nyuzi zote kwa pamoja, maikrofoni ya simu husikia mchanganyiko, na mara nyingi itakupa alama. Lakini programu ikikuambia udonoe uzi mmoja mmoja polepole, tangu wa tano hadi wa kwanza, hapo inaweza kusikia kila sauti na kusema: "Uzi wa kwanza haujalia. Simamisha ncha ya kidole cha shahada." Maneno kumi! Hiyo ndiyo sentensi niliyomwandikia, na nikamwambia ina thamani kuliko pongezi zake zote 40.

Tukija kwa wahusika, wapo wawili: mwalimu na mwanafunzi. Mwalimu ni simu, na simu ina sikio lakini haioni mkono. Chukua noti ya E, ile inayotoka kwenye uzi wa kwanza ukiachwa bila kubanwa. Noti hiyohiyo unaipata kwenye uzi wa pili freti ya 5, kwenye uzi wa tatu freti ya 9, na kwenye uzi wa nne freti ya 14. Kwa sikio la simu zote ni E, tiki ya kijani. Kama mkono umeruka shingo nzima kama panzi wakati ungeweza kutulia mahali pamoja, simu haijui. Kama bega limepanda hadi sikioni, haijui. Kama kiwiko kinauma, haijui, itakuambia ongeza kasi.

Na hata sikio lenyewe lina wasiwasi wake. Sauti huchukua muda kuingia kwenye simu na kuchakatwa, na kwenye simu nyingi za bei rahisi muda huo ni mrefu zaidi. Programu isipopima ucheleweshaji huo mwanzoni, unapiga ndani ya mdundo na yenyewe inakuandikia umechelewa. Ongeza redio ya jirani na honi ya bodaboda dirishani. Kijana anakosolewa kwa kosa ambalo si lake, na hana pa kukata rufaa. Hivi ni wangapi kati ya wale waliokacha walikuwa wanapiga sawasawa?

Mwanafunzi naye, kwa jinsi alivyotungwa, ni mhusika bapa. Habadiliki, hana jirani, hana mgawo wa umeme, hana mama anayemtuma dukani. Tazama ule mfululizo wa siku: ukipiga kila siku namba inapanda, ukikosa siku moja inaporomoka hadi sifuri. Nani aliyetungiwa sheria hii? Hapa kwetu mtu anaweza kulala na malaria siku nne, akaishiwa chaji, akaishiwa bando, au akaenda msibani kijijini. Akirudi anaikuta sifuri inamsubiri kama askari. Vidole vyake havijarudi sifuri hata kidogo, lakini kioo kinasema vimerudi, na wengi hukiamini kioo. Mimi naandika riwaya yangu ya kwanza, na zipo wiki ambazo siandiki mstari. Kurasa 112 zilizopo mezani hazifutiki kwa sababu hiyo.

Maudhui sasa. Dhamira kuu ya programu hizi, ukiondoa rangi na muziki, ni hii: kupiga gita ni kurudia bila kukosea. Hapo ndipo ninapokataa, na shahidi wangu ni Jean-Bosco Mwenda. Mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi nchini Kongo. Mwenda aliimba kwa Kiswahili na baadaye aliishi Nairobi kwa muda, kwa hiyo si mgeni kwetu. Alidonoa kwa vidole viwili, gumba na shahada. Kipande chake kiitwacho Masanga kilipigiwa mfano kote, hadi David Rycroft, mwanzoni mwa miaka ya 1960, akakaa na kuandika nota zake moja baada ya nyingine katika jarida la African Music. Jambo kubwa katika uchambuzi huo ni jinsi Mwenda anavyobadilisha: kila mzunguko unarudi na kitu kipya. Sasa mweke mzee huyo mbele ya programu iliyoshika mzunguko wa kwanza kama jibu sahihi. Mzunguko wa pili angepata alama nyekundu. Mfumo unaomfelisha Mwenda una kasoro mahali, na mahali penyewe ni kwenye kuhesabu.

Kuna kitu kingine kinachokosekana. Muziki wetu wa dansi uliojengwa na watu kama Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz haukuwa wa gita moja. Kuna solo, kuna ridhimu, kuna besi, na kila moja linaacha nafasi ili jingine liingie. Ufundi wa mpiga ridhimu ni kujua wapi asipige. Programu inayokupa pointi kwa kila noti uliyopiga inamlipaje mtu aliyenyamaza mahali pake?

Sisemi simu itupwe. La hasha! Nimetaja Justin Sandercoe kwa sababu ana zoezi moja dogo ninaloliheshimu sana. Unachagua kodi mbili, unaweka saa dakika moja, unabadilisha kutoka hii kwenda ile, unahesabu umebadilisha mara ngapi, unaandika namba. Kesho tena. Uzuri wake ni kwamba anayehesabu ni wewe. Huwezi kuhesabu bila kusikiliza, na ukisikiliza utajua kwamba ile ya 14 ilikuwa ya uongo, uzi mmoja haukulia. Saa inakupa mpaka tu, hukumu ni yako.

Hata wasomi wamelisema hili kwa namna yao. Mwaka 1993 K. Anders Ericsson na wenzake wawili walichapisha utafiti juu ya wapiga fidla wa chuo cha muziki Berlin. Baadaye, hasa baada ya kitabu cha Malcolm Gladwell cha 2008, mtaani zikabaki "saa 10,000" tu, kana kwamba kukaa muda mrefu kunatosha. Walichozungumzia wao ni mazoezi ya makusudi: kazi iliyochaguliwa kwa ajili ya udhaifu fulani, yenye njia ya kujua kosa, inayochosha, na ambayo si lazima ifurahishe. Pongezi 40 zimeingiaje hapo?

Nilimweleza mshikaji wangu yote haya. Hakupinga kizembe. Alisema, "Kaka, watu wakikosolewa wanafuta programu. Wakifuta, mimi nakula nini?" Swali hilo si la kupuuza, maana amekaa mwaka mzima bila mshahara na mama yake anamwuliza kila jioni. Nikamjibu hivi: mtu haondoki kwa sababu umemwonyesha kosa, anaondoka kwa sababu umemwonyesha kosa asiloweza kulirekebisha leo. Mpe moja, dogo, na dakika tano za kulishughulikia. Akilishinda atarudi mwenyewe bila kengele ya kumwita.

Basi tumekubaliana baadhi na kubishana mengine. Programu itafanya kazi bila bando. Kikao ni dakika 15: tatu za kuweka gita sawa, tano za udhaifu mmoja, tano za kupiga pamoja na gita la pili linalotoka kwenye simu, na mbili za mwisho simu inanyamaza kabisa, haisikilizi wala haihesabu, kisha inakuuliza uandike kwa maneno yako ulichosikia. Siku ulizokosa hazitafuta siku ulizopiga. Pongezi zimeshuka kutoka 40 hadi sita, na kila moja lazima itaje uzi au kidole. Kuhusu zile dakika mbili za ukimya bado ananibishia, anasema mtumiaji atadhani programu imeganda. Mimi nimekataa kuziondoa. Kipimo changu kwa kila mbunifu wa kitu kama hiki ni kimoja: chaji ikiisha katikati ya zoezi, kijana ataweza kuendelea kupiga na kujua mwenyewe pale alipokosea? Kama hawezi, hajafundishwa bado.