Mkono wa Fedha

Msomaji, kitabu hiki mpe mwanao, lakini nawe kisome. Ni "Otto of the Silver Hand" cha Howard Pyle, Mmarekani, kilichotoka mwaka 1888 na picha amezichora mwenyewe. Tumo Ujerumani ya zama za kati, mabwana wa ngome wakipora misafara ya wafanyabiashara. Babake Otto anamuua adui aliyekwisha piga magoti kuomba amani. Jamaa wa marehemu analipiza kwa kumkata mkono Otto, mtoto asiye na hatia. Utasema ni mazito kwa watoto. Naam, na hapo ndipo penye faida: mwandishi hakukipamba kisasi, wala hakumsafisha baba. Ila Otto ni mpole mno. Akikua anamwoa binti wa aliyemkata! Mwanao atauliza: hakuchukia hata siku moja? Kitabu hakimjibu.