Nani Aliyempa Rosa Jina?

Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, na haukupita muda mrefu ikapigwa marufuku shuleni. Ilisemwa kwamba ni kitabu kichafu, kitawaharibu vijana. Baadaye marufuku hiyo ikaondolewa, na kitabu kile kile kikaja kufundishwa darasani na walimu waliovaa tai. Naanza na jambo hili kwa sababu yaliyokipata kitabu ndiyo yaliyompata msichana aliyemo ndani yake, isipokuwa yeye hakuwahi kuondolewa marufuku.

Msomaji ambaye hajakisoma ajue haya kwa kifupi. Rosa ni binti wa kijiji cha Namagondo, Ukerewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi anayempiga mkewe. Siku anapoona barua ambayo Charles, kijana wa hapo kijijini, amempelekea Rosa, anampiga binti huyo kipigo cha kumwaibisha mbele za watu. Rosa anakwenda kusoma Mwanza akiwa anawaogopa wanaume kama moto. Huko Deogratias, Bwana Maendeleo, anamharibu. Baadaye anaingia chuo cha ualimu Morogoro, na sasa ni yeye anayewatafuta wanaume. Mwishoni anajirudi na kuchumbiwa na Charles yule yule. Charles anapojua kwamba hakuwa bikira, anamwacha. Rosa anajiua.

Nimefundisha walimu kwa miaka mingi na nimesahihisha insha nyingi juu ya riwaya hii. Jibu la wanafunzi ni moja: Rosa alipotoka kwa sababu ya malezi mabaya, baba alikuwa mkali kupita kiasi. Jibu hilo hupata alama, na mwandishi mwenyewe amelipa nguvu. Mimi naliona ni jibu la nusu. Linatueleza kwa nini Rosa alitenda aliyoyatenda. Halituelezi kwa nini yeye peke yake ndiye aliyeitwa mpotovu.

Mwaka 1963 Howard Becker, mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, alitoa kitabu kiitwacho Outsiders. Alidai kwamba upotovu haukai ndani ya tendo lenyewe. Jamii hutunga kanuni, kisha humchagua wa kumbandika jina la mvunja kanuni. Alikuwa akiwatazama wavuta bangi na wapiga muziki wa dansi, lakini ukiichukua hoja yake ukaingia nayo Namagondo, utaona mengi.

Tuwahesabu basi. Zakaria anakunywa na kupiga, na bado ni baba mwenye nyumba. Deogratias anatumia cheo na ulaghai, na bado ni Bwana Maendeleo. Mkuu wa chuo, mtu wa kazi yangu mimi, naye yumo miongoni mwa wanaume wa Rosa. Jambo hili moja hufanywa na watu wawili kila mara, hakuna namna nyingine ya kulifanya, lakini anayepewa jina ni mmoja. Kiswahili chetu chenyewe kinashiriki. Neno malaya humwangukia mwanamke kama jiwe. Mwanaume akiitwa mhuni, mara nyingi husemwa huku watu wakicheka, na yeye hucheka nao.

Katika chuo kimoja nilichohamishiwa nilikuta daftari la nidhamu la miaka iliyotangulia. Mvulana na msichana walikamatwa usiku mmoja wakiruka ua mmoja. Kwa mvulana imeandikwa "kuchelewa kurudi". Kwa msichana imeandikwa "tabia mbaya". Mwandiko ni mmoja na wino ni mmoja.

Wala daftari hilo halikuwa peke yake. Kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi hapa Tanzania hazikutaja mimba. Zilitaja kosa dhidi ya maadili. Ni sisi tulioamua kwamba tumbo la msichana ndilo kosa hilo. Mwaka 2016 sheria iliweka kifungo cha miaka 30 kwa mwanaume anayempa mimba mwanafunzi, na hilo ni jema. Lakini mwanaume huyo sharti ashitakiwe na ithibitishwe ndipo aitwe mkosaji. Msichana hakuhitaji shahidi. Mwaka 2017 Rais Magufuli alitamka kwamba aliyezaa hatarudi shule. Novemba 2021 Serikali ikatangaza kwamba atarudi. Mimba ni ile ile. Kilichobadilika ni jina lake: jana upotovu, leo mkwamo wa masomo.

Sitaki kumtakasa Rosa. Aliyotenda Morogoro yalimdhuru yeye na wengine, na Kezilahabi hakuyapaka sukari. Ndiyo maana kitabu kiliwauma wakubwa. Nadhani kilichowachoma hasa si yale ya kitandani, ila ni kuonyeshwa waliokuwa wakiingia na kutoka chumbani.

Manung'uniko yangu ni juu ya sura ya mwisho, ambapo Rosa na Zakaria wanafikishwa mbele ya Mungu. Wapo wahakiki wanaoisifu kwa ujasiri wake. Ujasiri upo, lakini kesi inakuwa ya baba na binti, kila mmoja akimsukumia mwenzake lawama, na hivyo jambo la kijiji kizima linarudishwa kuwa ugomvi wa nyumba moja. Ningependa mwandishi angewasimamisha kizimbani Deogratias, Charles na yule mkuu wa chuo, na nyuma yao majirani waliotazama binti akipigwa. Kezilahabi alifariki mwaka 2020, na hatuwezi tena kumwuliza. Lakini walimu bado wanatunga maswali ya mtihani, na swali la malezi limeshachoka. Waulizeni vijana ni nani aliyempa Rosa jina, na wahusika wale wengine wanaitwaje.