Shikamoo, Mwalimu wa Mwika

Katika Kanisa la Kilutheri nchini Tanzania, usharika una mchungaji, lakini mtaa, sehemu ndogo ya usharika, unamtegemea mwinjilisti. Ndiye anayefundisha watoto, anayeketi na wagonjwa, anayefika msibani kabla turubai halijafungwa. Chuo cha Biblia Mwika, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, kimewalea watumishi wa namna hiyo, nami ni mmoja wa waliolelewa hapo.

Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893, ila neno lilienea vihambani, kwenye mashamba ya familia, kwa miguu ya walimu Wachaga wenyewe. Makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) mwaka 1963, mkuu wake wa kwanza alikuwa Askofu Stefano Moshi, mwana wa mteremko huu huu. Mwika inaendeleza urithi huo.

Mwalimu wangu wa mahubiri hakuvumilia maneno makubwa. Alituuliza: bibi aliyetoka kukata majani ya ng'ombe ameelewa nini? Kama hakuelewa, tulirudia upya. Alitutuma kwenye nyumba zenye ugomvi wa mipaka ya kihamba, akatuagiza tusikilize pande zote kabla ya kufungua Biblia. Mwenyewe alitangulia kufanya hivyo, tulimwona.

Mwalimu, shikamoo, na ahsante. Kila ninaposimamia mazishi au kupatanisha ndugu, natumia ulichonifundisha.

Nanyi mliopita Mwika, msiishie kusifu. Mtafuteni kijana mwenye wito asiye na ada, mkamlipie.